Fundi wa Miavuli, Bergen

Wahenga walisema kizuri chajiuza.
Oddveig anasema wahenga hao hawakuwahi kulipa kodi ya pango
kwenye kichochoro ambacho watu hukipita mbio,
vichwa chini, wakiikimbia mvua.

Kibao cha mlangoni alikipaka rangi baba yake.
Zimebaki herufi tatu zinazosomeka.
Ndani kuna mbavu za chuma kwenye mikebe ya kahawa,
mipini ya mcheri, nta, uzi mweusi,
na nje, baada ya kila dhoruba, mapipa ya mji
yanafurika miavuli iliyopinduka
kama popo waliokufa wakipiga mayowe.
Nani atengeneze? Mpya ni bei ya vikombe viwili vya kahawa.

Eivind, mtoto wa kaka yake, akaja na simu.
"Shangazi, siku hizi mlango uko huku."
Akapiga picha ya mikono, maana uso ulikataliwa.
"Sasa andika kitu."
Akaandika kama aandikavyo kwenye daftari la kazi:
*Mwavuli wa buluu. Ubavu wa tano umevunjika.
Mwenyewe alikuwa akikimbilia basi. Basi halikusubiri.*

Asubuhi, mioyo mia tatu na kumi na mmoja.
Wateja, hakuna.
"Mioyo hii," akamuuliza Eivind, "naipeleka benki gani?"

Lakini usiku ule aliandika tena.
Na uliofuata. Miwani puani,
kidole kimoja kikidonoa herufi kama kuku kwenye makapi.
Alijifunza kwamba mwanga wa dirishani saa nne asubuhi hausemi uongo,
kwamba mtu wa Lima anaweza kukuuliza bei mara sita
kisha akapotea kama chumvi majini,
kwamba mtu usiyemjua, asiye hata na picha,
anaweza kukupa nyota moja na kuandika:
"Mwavuli ulifika umelowa."
Umelowa! Mwavuli!
Alicheka mpaka chai ikampalia.
Kisha hakulala.

Januari, oda nne.
Februari, kumi na tisa.
Machi mtu wa posta aliomba awekewe kiti.

Ndipo kikaja kifurushi kutoka Vardø, kaskazini kabisa,
kamba yake imefungwa fundo la mtu asiyeamini posta.
Mwavuli mweusi, mzito, wa kizamani.
Na barua: *Ulikuwa wa mama. Alifariki Oktoba.
Sitaki uwe mpya. Nataka ufunguke tu. Hallgrim.*

Alipofumua pindo
alikuta karatasi imeviringishwa kwenye ubavu wa saba,
imeshonewa humo kwa mshono wa mtu mwenye subira.
Mistari minne ya penseli.
Aliisoma akiwa amesimama. Akaketi. Akaisoma.

Eivind naye akaisoma, akashika kichwa.
"Shangazi, hii ukiiweka, hii ni watu laki moja.
Hii ndiyo hadithi yenyewe."

Oddveig akapiga simu Vardø.
Akasoma mistari minne, polepole.
Upande wa pili kimya, kimya mpaka akasikia birika likianza kuchemka
kwenye jiko la mtu asiyemjua.
Akauliza kama anaruhusiwa.
"Hapana," alisema Hallgrim.
"Haya," alisema Oddveig.

Siku hiyo aliweka picha ya mkebe wa vishikizo.
Mioyo arobaini.

(Usiniulize mistari ilisema nini.
Mimi pia nimeulizwa, na mimi pia nimesema haya.)

Hakuwa maarufu. Ana msichana, Solfrid, siku mbili kwa wiki,
na heta mpya, na kibao bado ni herufi tatu.
Juu ya ukurasa wake, pale Eivind alipotaka maneno ya kuvutia,
pameandikwa: *Natengeneza. Niandikie.
Nikichelewa kujibu, nina sindano mkononi.*

Ila tangu majira ya kuchipua
vimefika vifurushi vitano kutoka Vardø,
majina tofauti, fundo lilelile la kamba.
Hakuna aliyeeleza nani kamwelekeza.
Na Vardø, anasema Solfrid aliyezaliwa huko,
upepo haujawahi kumruhusu mtu
kufungua mwavuli.